Kiapo cha Geti la Biskuti

Kila Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, nchi yetu nzima inageuka. Usijipe matumaini, haigeuki kisiasa. Inageuka kwa miguu. Mwalimu na wanafunzi wake, hakimu na mshtakiwa wake, muuza duka na mteja aliyekuja kununua sabuni, wote wanasimama wima, wanainua mikono juu vidole vikiwa vimeachana, wanazunguka polepole mara moja mpaka pale walipoanzia, wanakanyaga chini mara tatu, kisha wanapanua midomo na kuiacha wazi: "Daimaaa!" Mgeni aliyeshuka siku hiyo atadhani amepotea njia akaingia wodi ya vichaa, na wagonjwa wamepewa sare.

Kila tendo lina maana yake, tulifundishwa na tukaulizwa kwenye mtihani. Mikono juu ni shukrani kwa uhuru. Kuzunguka ni umoja wa pande zote nne. Kukanyaga mara tatu ni kuwakumbuka mashujaa: waliokufa, walio hai, na wasiozaliwa. Mdomo wazi ni sauti ya umma, ndipo mahali pekee nchi hii umma ulipopewa sauti, na ni ya herufi moja. Mhadhiri mmoja aliandika kitabu kizima juu ya huko kuzunguka tu, akapewa gari.

Na aliyetunga, wote tunamjua. Ni Mheshimiwa, Baba wa Kiapo, yule ambaye picha yake iko juu ya kila mlango wa serikali, shavu limejaa, macho yanatazama mbali kama anayesubiri chakula kitoke jikoni. Alipanda mlimani peke yake, akafunga siku tatu, akashuka na Kiapo. Ndivyo vitabu vinavyosema. Ukitazama lile tumbo utajua hakuwahi kufunga hata kifungo.

Mimi niliimeza hadithi hiyo pamoja na wenzangu. Nisingeitapika kama si mama yangu kukataa kugeuka.

Mama anaishi kwangu, chumba cha nyuma ya saluni yangu. Hajanilazimisha, mimi ndiye niliyemvuta, kwa sababu macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho na alikuwa anasalimia makabati. Watu anawajua kwa mwendo. Ukiingia tu anakwambia: "Umebadilisha viatu," au "Leo umegombana na mumeo, unakanyaga kama unaua mende." Wateja wangu wanampenda. Saluni ina viti vinne na kwa kawaida ina watu kumi na wawili, wanane kati yao hawakuja kusuka, wamekuja kusikia.

Sasa mwaka huu alikuja daktari bingwa wa macho kwenye hospitali kubwa. Anapasua wiki moja, anaondoka, na haijulikani atarudi lini. Jina la Mama lilikubaliwa, kwa sharti awe na kitambulisho kipya, maana vya zamani vyote vilifutwa mwezi uliopita kwa sababu ambayo hata waliovifuta hawakuielewa. Orodha inafungwa Ijumaa adhuhuri. Na kitambulisho kipya hupewi mpaka ule Kiapo mbele ya karani, maneno na vitendo.

Jumatano tukaenda.

Ofisi ile unaijua hata kama hujawahi kufika. Mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya raia, pangaboi linalozunguka kwa huruma, madirisha matano ambayo manne yameandikwa "Nenda Namba Tatu". Namba tatu alikaa kijana mmoja tuliyembandika jina la Bwana Kamili, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Fomu kamili, picha kamili, foleni kamili. Mwaka huu Kiapo kinatimiza miaka hamsini, basi wafanyakazi wote wamegawiwa kofia nyekundu zenye kichwa kirefu kama sufuria iliyogeuzwa. Yeye aliivaa yake kama ametawazwa, na kila alipoinuka visigino vyake viligonga sakafu.

"Bibi, simama kwenye alama," akasema. Sakafuni wamechora nyayo mbili za rangi nyeupe.

"Nimesimama," Mama akajibu.

"Inua mikono."

"Ya nini?"

"Kiapo, bibi. Kiapo kamili."

"Maneno nitakupa. Kugeuka sigeuki."

Nikaingilia haraka. "Samahani kaka, bega lake linamsumbua, na macho yake ndiyo hivyo unayaona..."

"Bega langu zima," Mama akasema, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho. "Jana nimefua mashuka. Sitaki tu kugeuka mbele ya mtu huyu."

Benchi lote likacheka. Bwana Kamili hakucheka. Akaichukua fomu yetu kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya, akairudisha upande wetu wa kioo.

"Asiyegeuka hana kitambulisho. Asiye na kitambulisho hayupo. Anayefuata!"

Njia nzima sikuzungumza naye. Nilikuwa nimemshika mkono na wakati huohuo natamani kumfinya. Tulipoingia saluni ndipo nikafunguka, mbele ya watu wote, maana kwangu hakuna pengine pa kugombania.

"Mama, wewe unataka upofu? Niambie tu. Niambie niache kuhangaika."

"Usinipigie kelele, mwanangu. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima."

"Watoto wa chekechea wanageuka! Wewe kuzunguka mara moja unaona umedhalilika?"

"Ndiyo," akasema. "Nimedhalilika. Kile si kiapo. Ule ni upekuzi."

Msusi wangu, ambaye jina lake la mtaani ni Redio na halihitaji maelezo, aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa nusu kimefura. "Upekuzi gani, bibi?"

"Wa biskuti," Mama akasema. "Nipeni kiti."

Nilijua Mama alifanya kazi kiwanda cha biskuti kabla sijaanza shule. Nilichokuwa sijui ni kazi yenyewe. Alianza kama mpakiaji, kisha wakampandisha cheo akawa mpekuzi wa geti la wanawake. Zamu ikiisha, wanawake mia mbili wanapanga foleni, mmoja mmoja wanaingia kwenye kibanda cha mbao, na yeye anawapekua: kifuani, kiunoni, ndani ya viatu, mpaka kusikosemeka. Foleni ilichukua saa moja na nusu. Kuna waliokuwa na vichanga nyumbani, maziwa yanawamwagikia nguoni wakiwa wamesimama.

"Na hao walikuwa watu wangu," Mama alisema. "Jirani zangu. Wifi yangu, shangazi yako yule marehemu, nilimtia mkono kwenye sidiria kila jioni, na Jumapili tunakaa meza moja. Unajua alivyokuwa ananitazama?"

"Mungu wangu," Redio akasema.

"Basi nikaenda kwa afisa utumishi. Kijana mnene, amevaa tai fupi. Nikamwambia, mzee, tuwapekue wote kwa pamoja bila kuwashika. Wasimame mistari sita uwanjani. Wainue mikono, mikono ya nguo inashuka, kilichofichwa kwapani kinaanguka. Wazunguke polepole, nione viuno. Wakanyage mara tatu, kama kuna biskuti kiatuni tutaisikia inavunjika. Wapanue midomo, tuone ndani hakuna kitu. Dakika tisa wote wamekwenda kwao."

Saluni ilikuwa kimya mpaka mashine ya kukaushia ikaonekana ina adabu mbaya.

"Mikono juu," Redio akasema polepole. "Kuzunguka. Kukanyaga..."

"Na maneno nikawatungia mimi, ili waende sawa, maana bila maneno huyu anazunguka, yule keshakanyaga." Mama akayasema vilevile alivyokaa, mikono mapajani: "Naahidi mbele ya wenzangu. Mikono yangu mitupu, moyo wangu mweupe. Nitalinda mali ya kiwanda kama ya mama yangu. Sitatoka na kisicho changu. Daima."

"Mali ya taifa," mteja mmoja akasahihisha, kwa mazoea.

"Ya kiwanda, mwanangu. Hiyo 'taifa' ndilo neno pekee alilotunga yeye."

"Yeye nani?"

Mama akageuza uso kuelekea ukutani, mahali ambapo na mimi, kama kila mwenye leseni, nimelazimishwa kutundika picha. Hakuhitaji kuiona.

"Yule wa tai fupi," akasema.

Sitaeleza vicheko. Mteja mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilicheka nikaacha, nikacheka tena, kwa sababu kila nilipojaribu kutulia nilimwona Jaji Mkuu na joho lake, amepanua mdomo ahakikishwe hana biskuti. Niliona gwaride, meli, ndege zimepangwa, jeshi zima linakanyaga mara tatu, na hakuna kinachovunjika.

Wizi ukapungua, Mama alieleza. Taarifa zilionesha hivyo. Afisa utumishi akasifiwa, akapelekwa kiwanda kingine, kisha wizarani, akakibeba Kiapo kama mtu anayehama na sufuria ya jirani. Alikuwa anakipenda kweli. Jioni alisimama juu ya kreti, wanawake wakizunguka, yeye mkono kifuani, macho kayafumba.

"Kayafumba?" nikauliza. "Si alikuwa anasimamia?"

Hapo Mama akatabasamu, tabasamu ambalo sijawahi kuliona, la msichana.

"Na wizi haukupungua hata chembe," akasema. "Uliacha kukamatwa. Mkono ukiwa juu, jicho la mtu linafuata mkono. Mguu ukigonga, linafuata mguu. Mdomo ukifunguka, linaingia mdomoni. Nani atakumbuka kitambaa cha kichwani? Kila mwanamke alitoka na vipande vyake chini ya kilemba. Vilivyovunjika tu, vizima hatukugusa. Lile kopo la bluu ulilokuwa unachovya chai, unadhani nilinunua?"

Nikalikumbuka kopo. Nikakumbuka vipande vyenyewe, kimoja mviringo, kingine pembe, na harufu ya mafuta ya nazi ya kichwa cha Mama ambayo mimi nilidhani ndiyo ladha ya biskuti.

Kwa hiyo mnielewe vizuri. Kile kinachopigiwa tarumbeta, kile ambacho watu wamefungwa kwa kukicheka, kilitungwa na mwanamke mmoja getini ili wenzake wapite na makombo. Nchi nzima inaapa uaminifu kwa ujanja wa wapakiaji biskuti, na wakubwa wamesimama juu ya makreti yao, macho wameyafumba.

"Mbona hukusema miaka yote hii?" Redio akauliza.

"Wenzangu wangefungwa. Wengine bado wapo hai." "Nilikitunga ili nisimshike mtu. Leo kijana amevaa sufuria anataka nijipekue mwenyewe mbele yake. Kila Jumatatu najifungia chooni, hamjui tu. Hapana. Nimekataa."

Nikamwambia sawa, Mama, nimekuelewa, lakini daktari anaondoka. Alinyoosha mkono kuweka kikombe chake mezani, akakiweka hewani, sentimita chache kabla ya ukingo. Kikaanguka, kikapasuka. Kilikuwa kile chenye maua, alichopewa siku ya harusi yake. Akakaa akisikiliza vipande vinavyotulia sakafuni.

"Ni kile cha maua?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Haya," akasema. "Kesho twende nikageuke."

Alhamisi tulikuta ofisi imechafuka. Mkuu wa ofisi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alikuwa katikati ya ukumbi anafoka. Mhuri umepotea. Mhuri wenyewe ni mdogo, wa mpira, na mpini wake ni kipande cha mbao kisichozidi kidole gumba, lakini bila huo hakuna kitambulisho kinachotoka. Haujaonekana tangu jana mchana, na aliyebebeshwa lawama ni mama wa chai, kwa kuwa ndiye anayefuta meza. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, analia bila sauti, kitambaa cha kufutia bado kiko mkononi.

"Mpaka saa sita usipoonekana, hapa huna kazi!" Mkuu akamwambia. "Utaeleza mbele kwa mbele!"

Mzee mmoja kwenye foleni alinisogelea sikio. "Mhuri huo umepotea wapi? Jirani yangu kapata kitambulisho chake jana jioni. Kakifuata nyumbani kwa yule kijana wa namba tatu. Mhuri mbichi, ukigusa unachafua kidole."

"Na hajasema?"

"Aseme apokonywe?"

Bwana Kamili alikuwa dirishani pake, ametulia kama maji ya mtungini. Kila anayefika anamwambia kwa sauti ya juu, "Hakuna mhuri, rudi wiki ijayo," kisha kwa sauti ya chini jambo jingine ambalo sisi wa nyuma hatukulisikia. Alipomwona Mama akapata nguvu mpya.

"Bibi amerudi! Leo anageuka?"

"Nimekuja kugeuka, mjukuu wangu," Mama akasema, na unyenyekevu ule ukaniuma. "Ila wewe unajua, uzee. Nimesahau mpangilio. Nioneshe mara moja, nami nikufuate."

"Mhuri hakuna leo."

"Si kitu. Kiapo ni kiapo, au siyo?"

Hapo alinaswa kwa kiburi chake mwenyewe, maana ukumbi ulikuwa umejaa na Mkuu anasikiliza. Akatoka nyuma ya kioo, akasimama kwenye nyayo nyeupe, akanyoosha shati. Watu wa mabenchi wakasimama kwa mazoea, kama ng'ombe wanaosikia lango.

"Naahidi mbele ya wenzangu!" akaanza. Mikono juu. Akazunguka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, uso umeelekea mwangani dirishani, mahali ambapo kijana yule alikuwa kivuli tu kwake. Akakanyaga mara tatu, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akapanua mdomo. "Daimaaa!"

Mama alikuwa amesogea hatua moja mbele.

"Kaa hapohapo, usishushe mikono."

Sijawahi kuisikia sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeamuru watu mia mbili kila jioni kwa miaka, na wote wanatii. Bwana Kamili akabaki mikono juu. Na Mkuu wa ofisi, Mungu anisamehe kwa furaha niliyoipata, na yeye aliinua yake.

"Vua kofia," Mama akasema.

"Nini?"

"Jana ulikuwa unatembea kama jogoo, visigino vinapiga sakafu. Leo unageuka shingo imekaza, unakanyaga kwa nyayo laini. Hivyo anageuka mtu aliyebeba kitu kichwani. Nimewaona maelfu. Vua."

"Bibi huyu ni kichaa! Hii ni sare ya serikali!"

"Vua, baba," mzee wa foleni akasema.

"Vua!" likasema benchi la nyuma.

"Si uvue tu, ni kofia, si suruali!" mwanamke mmoja akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

Mkuu akaikumbuka mikono yake, akaishusha, akakohoa. "Vua tuendelee na kazi."

Akavua taratibu. Mhuri haukuanguka. Ulikuwa umenasa kwenye utando wa ndani ya kofia, umetulia kama yai kwenye kiota. Lakini hakuna aliyeutazama. Tulikuwa tunatazama kipara. Siku ilikuwa ya joto, kijana ametoka jasho, na wino wa zambarau umekubali vizuri. Nembo ya taifa ilikaa katikati ya utosi, imejirudia mara nne, moja imepanda juu ya nyingine, na chini yake neno likisomeka bila miwani: IMETHIBITISHWA.

"Jamani," mama wa chai akasema kutoka kwenye ndoo yake, "huyu yuko kamili."

Sitaki kusema tulicheka. Lilikuwa jambo jingine, kama jengo limepiga chafya. Hata pangaboi liliongeza mwendo.

Mkuu aliuchukua mhuri, akaufuta kwa leso, akaingia mwenyewe namba tatu kwa sababu hakuwa na pengine pa kuficha uso. Mama wa chai aliinuka, akanawa, akamimina chai, akagawa ukumbi mzima kwa vikombe vya ofisi, na alipofika kwa Mkuu birika lilikuwa tupu. Aliligeuza juu chini amwoneshe.

Fomu ya Mama ilikuwa ya kwanza. Mkuu aligonga mhuri, akafika kwenye mstari wa Kiapo, akasita. "Bibi, kiapo..."

"Huyu ameshageuka kwa niaba yangu," Mama akasema.

Mkuu alitazama foleni. Foleni ilimtazama. Akaandika: Ametimiza.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa kwenye orodha. Jumatatu wakapasua jicho la kulia. Walipofungua bendeji, kitu cha kwanza Mama alichokiona vizuri baada ya miaka mitatu kilikuwa picha juu ya mlango wa wodi. Akaikazia.

"Kumbe kazeeka vibaya," akasema. "Na tai bado fupi."

Mimi nilikuwa juu mawinguni, saluni imejaa mpaka barazani, Redio anasimulia kisa cha kipara mara saba kwa siku na kila mara nembo zinaongezeka. Mama peke yake hakufurahi. Alikaa na jicho lake jipya, anakunja uso.

"Nimewaharibia wenye vilemba," aliniambia. "Nimesema kofia mbele ya watu."

"Mama, nani atajali?"

Walijali. Wiki ya tatu ukatoka waraka wa wizara: kuanzia sasa Kiapo kitaliwa kichwa wazi, bila kofia, kilemba, wala kitambaa. Siku hiyohiyo Mheshimiwa akasikika redioni, sauti imejaa mate, anakumbuka kwamba kule mlimani, siku ya tatu ya mfungo, upepo ulimpeperusha kofia, naye akaelewa kuwa taifa linataka unyenyekevu. Mhadhiri wa gari akatangaza kitabu cha pili. Na Bwana Kamili, kwa kuwa jina lake lilikuwa limejulikana, alihamishiwa makao makuu, kitengo cha maadili, ambako anafundisha makarani wapya jinsi ya kugeuka. Nasikia anafundisha vizuri.

"Tundu langu mwenyewe," Mama akasema, akazima redio. "Miaka hamsini limekaa wazi, na mimi ndiye nimelionesha."

Hakula vizuri siku mbili.

Daktari yule alirudi baada ya miezi miwili, kinyume na ilivyosemwa, na Mama akalazwa kwa jicho la pili. Nilimpelekea nguo Jumatatu asubuhi. Saa mbili ikagonga, wauguzi sita wakajipanga kati ya vitanda, vichwa wazi kama waraka unavyotaka, mkuu wa wodi mbele yao na daftari lake, macho juu kwenye picha. Wakainua mikono. Mama alijiinua kwenye mto, jicho moja limefungwa, jingine linang'aa, akawapitia mmoja mmoja toka mlangoni mpaka dirishani. Nilijua anafanya nini. Alikuwa kazini.

Wakazunguka. Wakakanyaga, moja, mbili, tatu.

Mama akanishika mkono, akaubana. Kona ya mdomo wake ilikuwa imeanza kupanda.

"Yule wa tatu," akaninong'oneza. "Mguu wa kushoto anakanyagia kisigino tu. Vidole havigusi chini."

"Ana nini kiatuni?"

"Nitajuaje? Na wewe usitazame, mjinga, tazama picha."

Nikatazama picha. "Daimaaa!" wakasema wauguzi, midomo wazi, na mkuu wa wodi akaandika kuwa wote wametimiza. Mstari ukavunjika. Yule wa tatu akapita karibu na kitanda chetu, anachechemea kidogo sana, akaenda moja kwa moja kwa bibi wa kitanda cha pembeni ambaye juzi aliambiwa stoo dawa ya matone imekwisha. Akainama kama anayefunga kamba za kiatu.

Mama alijilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nimeshiba," akasema, ingawa chai ilikuwa haijaletwa.